Daftari la Jumamosi: kisa cha klabu ya kompyuta iliyozimika Tabora

Kuhusu kisa hiki

Majina ya watu, ya chuo kilichotupa chumba na ya klabu yenyewe nimeyaondoa. Wahusika nitawaita kwa kazi zao. Mimi nilikuwa katibu tangu Jumamosi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo sehemu ya lawama inayokuja huko mbele ni yangu, na msomaji apime maneno yangu akilijua hilo.

Ninaandika kwa sababu vijana wawili, mmoja wa Nzega na mwingine wa Urambo, wameniuliza kwa nyakati tofauti namna ya kuanzisha klabu kama ile. Wote wawili walinipa sababu moja ya kufa kwake kabla sijafungua mdomo: intaneti imekuja, simu zimekuja, nani tena atakwenda kukaa chumbani na watu kujifunza kitu kilichomo mfukoni mwake? Nami nilikuwa naamini hivyo hivyo kwa miaka. Halafu nikalitoa kabatini daftari la mahudhurio, kaunta buku lenye jalada lililoliwa na mende, nikaanza kuhesabu majina.

Mazingira

Klabu ilianza Julai 2006, mwaka wa mgao. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka, umeme ulikuja kwa zamu, na Jumamosi nyingine tulikaa gizani tukizungumza habari za mashine ambazo hatukuweza kuziwasha. Intaneti kafe za mjini zilikuwa za kuhesabika. Ukilipia saa nzima, nusu yake ingeishia kungoja ukurasa ufunguke. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na sisi wa huku kwenye miembe tulikuwa mwisho wa foleni.

Waanzilishi tulikuwa sita. Mzee wa Reli, fundi mstaafu wa ishara za treni. Mwalimu, wa fizikia sekondari. Karani, wa ushirika wa wakulima wa tumbaku. Dada wa Stesheni, aliyekuwa na stationari yenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Fundi, kijana wa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, aliyekuwa akitengeneza redio. Na mimi.

Mzee alikuwa na hadithi aliyopenda kuirudia. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Machi 1975, miezi michache tu baadaye, wapenzi wa vifaa vya elektroniki walikusanyika kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, kuiangalia mashine iliyoitwa Altair 8800, na hapo ikazaliwa Homebrew Computer Club. Mwaka uliofuata Steve Wozniak aliwaonyesha wenzake wa klabu hiyo bodi aliyoiunda mwenyewe, ile iliyokuja kuuzwa kwa jina la Apple I. "Wenzenu wanaunda, sisi hata kuagiza haturuhusiwi," Mzee angesema, kisha acheke, kwa sababu miaka hiyo yeye alikuwa akifungua na kufunga rilei za ishara, yaani swichi za umeme, usiku kucha, na kwa hesabu yake ile nayo ilikuwa kompyuta, tena kubwa kuliko ya Wozniak.

Tulikutana kila Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Kiingilio shilingi mia tano. Kila Ijumaa mmoja wetu alipangiwa kwenda kafe kupakua faili la apdeti la antivairasi, aliweke kwenye flashi, na kesho yake kila mwenye mashine alijinakilia. Nje ya pale, kuiapdeti kompyuta isiyo na mtandao ilikuwa shida kweli, na flashi za mji huu zilikuwa zimejaa virusi kama miembe yetu inavyojaa siafu.

Kulikuwa pia na CD za Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux. Kampuni ya Canonical ilizituma bure popote duniani: unajaza fomu mtandaoni, unaandika sanduku la posta, unasubiri. Bahasha yetu ya kwanza, toleo la 6.06, ilikaa njiani wiki nyingi hadi tukasahau. Karani, ambaye Kiingereza cha menyu kilimchosha, aliwekewa Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisini ya OpenOffice kwa Kiswahili iliyotolewa Desemba 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliitumia kuandikia mihtasari ya ushirika, na alikuwa akiwaonyesha wageni kana kwamba kaitengeneza yeye.

Kanuni ilikuwa moja, ya Mzee. Mashine inafunguliwa mbele za watu, na bisibisi inakaa mkononi mwa mwenye mashine. Anayejua anaelekeza kwa mdomo. Ilikuwa inachosha. Kazi ya dakika tano ilichukua saa nzima, na mara mbili kuna mtu aliyevunja pini. Lakini aliyevunja pini alijua pini ni nini.

Mwendo wa mambo

Kati ya 2007 na 2010 daftari linanenepa. Kurasa za mwaka 2010 zina majina thelathini na kitu kwa Jumamosi ya kawaida, na moja ya Machi ina 41, wengine wamesimama dirishani. Kumbuka kwamba mwaka huo mkongo ulikuwa umeshafika nchini na modemu za USB zilikuwa zinauzwa madukani hapa hapa mjini. Intaneti ilipoingia Tabora, watu waliongezeka. Walinunua laptopu za mtumba ili waingie mtandaoni, laptopu zikaharibika, wakaja.

Aprili 2011 Canonical ilisitisha kutuma CD. Tulilalamika Jumamosi moja, ya pili tukasahau. Kwa wakati huo tulishaweza kupakua wenyewe usiku.

Tukio lililobadilisha mambo lilikuja mwanzoni mwa 2012, na tulilichukulia kama ugomvi mdogo. Fundi alikuwa ameacha redio. Alipanga kibanda karibu na soko akawa fundi kompyuta, anapiga Windows, anabadilisha kioo, anasafisha feni. Siku hiyo, katikati ya kikao, aliingia baba mmoja na laptopu inayozima kila baada ya dakika kumi. Mwalimu akamwelekeza afungue mfuniko wa chini. Feni ilikuwa imesukwa vumbi kama mto wa sufi. Wakalitoa kwa brashi ya rangi, wakapaka dawa mpya ya joto juu ya prosesa, mashine ikawaka na kutulia. Bure.

Yule baba akasimama. "Alhamisi nimeipeleka kwa fundi, kaniambia elfu thelathini na tano. Wizi mtupu!" Halafu akamwona Fundi kwenye benchi la nyuma. "Si huyu hapa?"

Chumba kizima kiligeuka. Fundi hakujibu neno. Alikunja waya wa chaja yake taratibu, akauweka kwenye begi, akasema, "Shikamoo Mzee, naomba ruhusa," akatoka. Jina lake halionekani tena daftarini. Nimepekua.

Mwisho wa 2012 majina kwa Jumamosi ni 17. Walioondoka nawafahamu karibu wote, na wengi wao walikuwa wanaelekea kufanya ufundi kuwa kazi.

Kundi la WhatsApp tulilifungua mwanzoni mwa 2015, tukiwa tumebaki kumi na wawili. Halafu 2016 tukageuza Jumamosi kuwa darasa la Word na Excel. Mwaka 2017 chuo kilikihitaji chumba chake, tukahamia veranda ya Dada wa Stesheni. Novemba 2019 tulikuwa watatu, na wa nne mlinzi wa duka la jirani ambaye alikuja kuchaji simu. Niliandika majina yote manne.

Maamuzi matatu na sababu zake

*Kanuni ya 2012.* Baada ya lile la feni, kamati ya watu saba ilikaa. Tuliamua kwamba matengenezo yote ya Jumamosi ni bure kwa yeyote anayeingia mlangoni, na kwamba mwanachama mwenye kibanda haruhusiwi kutaja bei wala kugawa namba yake ya simu ndani ya kikao. Tuliogopa klabu isigeuke soko. Sisi wengine wote tulikuwa na mshahara, na hilo sikuliona wakati ule. Nimeliona nilipokuwa nasoma orodha ya waliohudhuria kikao cha kamati.

Mzee wa Reli peke yake alipinga. Alitaka kinyume: mashine mbovu ya mtu asiye mwanachama isiguswe kabisa Jumamosi. Apewe jina la fundi mwanachama, kwa zamu, aende akalipe. Jumamosi zibaki za kujifunza kwenye mashine zetu wenyewe na zile mbovu za kuchezea. "Reli haikuwahi kunifundisha bure ili nikaharibu mkate wa mwenzangu," alisema. Tulipiga kura, akashindwa sita kwa moja. Niliandika muhtasari mimi, na sentensi hiyo sikuiweka. Nimeikumbuka tu.

*Kundi la WhatsApp.* Wazo lilikuwa langu. Nilitaka njia rahisi ya kukumbusha kikao, kwa sababu meseji za kawaida zilinila vocha. Mwezi wa kwanza kundi lilikuwa la matangazo. Mwezi wa pili mtu akatuma picha ya skrini ya bluu, ile ya Windows ikikwama, saa tano usiku, Mwalimu akamjibu akiwa kitandani. Hapo ndipo Jumamosi ilipopoteza sababu. Kikomo cha kundi kilikuwa watu mia; Februari 2016 kikapandishwa kuwa 256, na sisi tukapita mia na hamsini kabla ya mvua za masika kwisha. Nilifurahi sana. Nilimwambia Mwalimu kwamba klabu haijawahi kuwa kubwa hivi. Jumamosi hiyo tulikuwa tisa.

Aliyekuwa anajibu alikuwa Mwalimu tu, na mara chache mimi. Watu 150 wanauliza, wawili wanajibu, wengine wanaangalia. Kwenye kile chumba usingeweza kuangalia tu; Mzee angekupa bisibisi.

*Darasa la 2016.* Tulitaka majina yaongezeke ili chuo kisitunyang'anye chumba. Yaliongezeka, yakafika 26 kwa miezi mitatu. Walikuja watu wa kutafuta ajira, wakajifunza kutengeneza jedwali, wakaondoka na shukrani zao, na walikuwa na haki. Wale wachache waliobaki wa kuchokonoa mashine walikuwa wamekaa nyuma wakisikia somo la kukoleza maandishi kwa mara ya nne. Nao wakaondoka.

Matokeo

Kundi la WhatsApp lipo hadi leo. Ni kundi la michango. Harusi, ubarikio, msiba, mtoto amepata ajali ya bodaboda. Sisemi hili kwa dharau: Mzee wa Reli alipofariki 2023, rambirambi ilikusanywa kabla jua halijazama, na waliotuma walikuwamo watu wa Mwanza, Mpanda na hata mmoja aliyeko Oman.

Siku chache baada ya mazishi mjukuu wake aliandika kwenye kundi. Laptopu ya babu haiwaki, ndani yake kuna picha za bibi, ambaye alitangulia, na hakuna nakala nyingine. Majibu yalikuja kwa wingi. Mmoja alisema apige Windows upya. Wa pili alisema diski imekufa, anunue mpya. Wa tatu aipeleke Dar. Wa nne alimwandikia hatua za kufomati, zimepangwa vizuri kabisa kwa namba, na kama kijana angezifuata picha zingekuwa hatarini kupotea kwa utaratibu ule ule mzuri.

Nilimpigia simu asiguse kitu. Jumapili nikaenda nyumbani kwa marehemu na Mwalimu. Dada wa Stesheni alikuja na kebo ya kuunganisha diski kwa USB. Karani, macho yameshapungua nguvu, alikuja kutazama. Na Fundi alikuja. Hakuna aliyemwita, aliona kwenye kundi.

Tulikaa chini ya mwembe tukavuta waya wa umeme dirishani. Fundi akaitoa diski, akaipa umeme kwa kebo ya Dada, akaiweka sikioni kwanza, akasema haigongi, ina uhai. Tukaichomeka kwenye mashine ya Mwalimu iliyowashwa kwa flashi ya Linux. Iliorodhesha mafolda, ikaganda. Hapo mimi na Mwalimu tulikwama. Fundi akasema tusiisome moja kwa moja, tuinakili yote kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, sehemu mbovu iziruke izirudie baadaye, kisha tuhangaike na nakala. Alilijua wapi? "Jumamosi," alisema. "Mzee alileta diski ya stesheni master, mwaka 2011. Wewe katibu ulikuwa unaandika majina."

Ilichukua zaidi ya saa tano. PhotoRec, programu ya kufufua picha, ilitoa picha nyingi zisizo na majina, nyingine nusu ya juu nzima, nusu ya chini kijivu. Bibi alikuwamo. Mjukuu ndiye aliyekuwa na bisibisi muda wote.

Wakati wa kuondoka nilimwambia Fundi pole ya 2012, kwa kuchelewa miaka kumi na moja. Akasema, "Kaka katibu, ile thelathini na tano ilikuwa kodi ya kibanda. Mwezi ule nililala ndani ya kibanda."

Uchambuzi

Nianze na intaneti, kwa kuwa ndiyo mshtakiwa wa kila siku. Daftari linaiondolea shtaka la kwanza: majina yalipanda mtandao ulipoingia na yalianguka miaka mitatu kabla ya kundi la WhatsApp. Hata huko klabu hizi zilikoanzia, tarehe hazikubali. Homebrew ilifungwa Desemba 1986, wakati wavuti haijabuniwa. Boston Computer Society ilianzishwa 1977 na Jonathan Rotenberg akiwa na miaka 13, ikakua hadi kupita wanachama 30,000, ikafungwa 1996, wakati nyumba nyingi za Marekani zilikuwa bado hazijaunganishwa. Kinachonigusa ni kilichoipata Homebrew kabla ya kufungwa. Wanachama walianzisha kampuni. Mtu aliyekuwa akisimama kueleza saketi yake kwa wote akawa na siri ya biashara ya kulinda, na wengine hawakuwa na muda tena wa kuja. Ujuzi ulipata bei.

Kwetu ulipata bei ndogo zaidi, elfu thelathini na tano ya feni, lakini bei ni bei. Klabu ya wapenzi wa kompyuta inadhani kwamba mwanachama ana kitu kingine cha kumlisha. Tabora, kijana anayependa mashine hadi akazijua atauuza ujuzi wake mwaka wa pili au wa tatu, na klabu ikimfundisha vizuri inaharakisha siku hiyo. Kwa kanuni yetu ya 2012 tulimfundisha mtu hadi akawa fundi, kisha tukashindana naye kwa bei ya sifuri, mbele ya mteja wake. Pendekezo la Mzee lingetatua hilo bila gharama. Sina hakika lingeiokoa klabu hadi leo, ila lingewabakiza wale waliokuwa na uwezo wa kufundisha wenzao, na Mwalimu asingebaki peke yake na watu 150 mfukoni.

Kundi la WhatsApp lilikuja kummalizia mgonjwa. Tungekuwa na chumba chenye watu thelathini, pengine lingebaki la kukumbusha vikao. Kosa langu ni kuhesabu wanakundi kama wahudhuriaji. Kosa la pili ni kwamba nilikuwa na kalamu kwa miaka kumi na tatu na nikaandika majina tu. Ile ddrescue haimo popote kwenye daftari. Fundi aliibeba kichwani, na sisi tulikuwa tumemfukuza.

Kuna jambo ambalo hatukuliharibu sisi. Mashine zenyewe zimefungwa. Laptopu nyingi za sasa zina ramu iliyolehemiwa kwenye bodi, betri imegundishwa, na kompyuta ya watu wengi ni simu, ambayo kuifungua bila kuivunja kunahitaji kifaa cha joto na mkono uliozoea. Jumamosi ya bisibisi moja isingetosha hata kama kila kitu kingine tungekifanya sawasawa. Na wanawake: Dada wa Stesheni alikuwa peke yake miaka yote, saa zetu zilikuwa saa za kupika na kufua, na kwenye mihtasari sioni tulipowahi hata kuuliza.

Kilichofanya kazi ni kanuni ya bisibisi, na sina la kuongeza juu ya hilo zaidi ya ile Jumapili chini ya mwembe. Majibu ya kwenye kundi yalitolewa na watu wasioisikia diski.

Yule kijana wa Urambo alinipigia juzi. Chumba amepata, projekta ameahidiwa, anatafuta mdhamini wa fulana. Nilimwuliza Urambo mjini kuna mafundi simu wangapi. Akanyamaza kidogo, akasema hajawahi kuwahesabu, na kwamba kesho ana safari ya sokoni.